Apthamitra: maswali yanayoulizwa sana kuhusu Ganga, Nagavalli na kile chumba kilichofungwa

Apthamitra ni muvi ya Kikannada kutoka India, ya mwaka 2004. Tahadhari kabla hujashuka chini: siri yote ya muvi imemwagwa humu, mwanzo hadi mwisho. Kama hujaiangalia na unataka ikushtue, nenda kaangalie kwanza halafu urudi.

Hii muvi ni ya majini au ni ya ugonjwa wa akili?

Ya ugonjwa wa akili, ila imevaa nguo za majini kwa zaidi ya nusu ya muda wake. Kuna jumba kongwe, kuna chumba kilichofungwa, kuna mwanamke aliyeuawa zamani, vitu vinavunjika vyenyewe usiku, wafanyakazi wanapiga kelele, yaani kila kitu kinakuambia hapa kuna mzimu. Baadaye ndo unaambiwa aliyekuwa anafanya yote hayo ni mtu wa ndani ya nyumba, na mwenyewe hajui kama ni yeye. Ndiyo maana watu wanaibishania mpaka leo. Mimi msimamo wangu ni kwamba mzimu hakuna, na ukiiangalia mara ya pili ukijua siri unaona dairekta hakukudanganya sana, alikuwa anakuelekeza macho kwingine tu.

Mnasema ya Kikannada, Kikannada ndo nini? Si ni muvi ya Kihindi tu?

Huku kwetu chochote chenye sari na nyimbo tunaita cha Kihindi, tumezoea. Ila India ina viwanda vya filamu vingi na kila kimoja kina lugha yake. Kikannada ni lugha ya jimbo la Karnataka, kusini, mji mkuu Bengaluru ambao zamani uliitwa Bangalore, na sensa ya India ya 2011 ilihesabu watu kama milioni 43 na ushee ambao ni lugha yao ya mama. Hakina undugu na Kihindi. Kihindi kiko kwenye familia moja na Kigujarati na Kipunjabi, wakati Kikannada ndugu zake ni Kitelugu, Kitamil na Kimalayalam. Kiwanda chao cha filamu wanakiita Sandalwood kwa sababu miti ya msandali inatoka pande hizo. Hili la lugha lishike, maana kwenye hii muvi lugha ndo ushahidi wenyewe.

Nani kaitengeneza na nani wapo ndani?

Dairekta P. Vasu, prodyusa Dwarakish ambaye mwenyewe alikuwa mchekeshaji maarufu sana Karnataka, muziki wa Gurukiran. Steringi ni Vishnuvardhan anayecheza daktari wa akili anaitwa Vijay. Ramesh Aravind ndo mume, Soundarya ndo Ganga, Prema ndo Sowmya, halafu Avinash ndo yule mganga msomi Ramachandra Acharya. Ilitoka Agosti 2004 na ikapiga hela vibaya mno, wakati Dwarakish alikuwa ameshapitia miaka ya kufeli na madeni na watu walishamkatia tamaa.

Nipe stori kwa kifupi.

Ramesh na mkewe Ganga wananunua jumba la kifalme la zamani kule Mysore. Wanaambiwa msikae pale, hawasikii. Stori ya jumba ni kwamba mfalme mmoja alimleta dansa anaitwa Nagavalli kutoka nchi ya Watelugu, alikuwa anamtaka, ila yule dada alikuwa na mpenzi wake ambaye naye ni dansa. Mfalme alipogundua akamkata kichwa yule kijana na Nagavalli akachomwa moto akiwa hai. Kabla hajafa akaapa kwamba atarudi kulipiza siku ya Durgashtami, ambayo ni sikukuu ya mungu wa kike Durga. Chumba chake kikafungwa.

Ganga anaisikia hii stori na haimtoki. Anataka kuona chumba. Kinafunguliwa. Kuanzia hapo mambo yanaharibika, mume anamwita rafiki yake Vijay aje, na Vijay anaanza kwa masihara mengi ambayo baadaye unagundua ni namna yake ya kuchunguza watu bila wao kujua. Mwisho anagundua kwamba mgonjwa ni Ganga, ambaye usiku anageuka Nagavalli.

Kwa nini kila mtu ndani ya muvi anamshuku Sowmya?

Hapa ndo pananiuma kwenye stori nzima kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sowmya ni msichana mkimya, hajaolewa, hana mtu mkubwa wa kumtetea. Kitu kikivunjika macho yote kwake. Ganga ni mke wa mwenye nyumba, kapendeza, anacheka na kila mtu, nani atamfikiria? Na sisi watazamaji tunaingia mkenge huohuo, tunamwangalia Sowmya kwa jicho baya saa nzima kisa hasemi sana. Daktari anaujua ukweli mapema kuliko wengine na anaacha lawama zikae kwa Sowmya kwa makusudi, ili Ganga asije akajijua ghafla akavunjika. Kitabibu unaweza ukamwelewa. Ila jiulize, kuna yeyote ameenda kumuomba huyo binti ruhusa?

Na Ganga mwenyewe ni hivyohivyo. Hesabu mara ngapi kwenye hii muvi kuna mtu anakaa chini na kumuuliza wewe mama unajisikiaje, unalala vizuri, unaota nini. Mume wake anampenda kweli, hilo halina ubishi, ila yuko bize na kazi na anamwona mkewe kama mtu asiye na shida yoyote. Wanaume watatu wanakaa kikao kuhusu akili ya Ganga, mume, daktari na mganga, yeye hayupo kwenye kikao. Kwa mtu kama mimi hilo linatisha kuliko vile vivuli vya korido.

Ganga anaumwa nini hasa?

Daktari wa kwenye muvi anasema ana nafsi mbili ndani ya mtu mmoja. Zamani madaktari waliuita ugonjwa wa nafsi nyingi, na mwaka 1994 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kikaubadilisha jina kwenye kitabu chake cha magonjwa, wakaenda na jina linalosisitiza kwamba nafsi ya mtu imegawanyika, badala ya kusema zimeongezeka. Maana yake ni kwamba kuna vipande vya kumbukumbu, hisia na tabia ambavyo haviongei na vyenzake, kimoja kikishika usukani kingine hakikumbuki kilichotokea. Ganga akiamka asubuhi hajui kama usiku alikuwa anacheza dansi.

Watu wengi wanachanganya hii na skizofrenia. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Mwenye skizofrenia anaweza kusikia sauti zisizokuwepo, kuamini vitu ambavyo havipo, mawazo yake kupoteza mpangilio, lakini hageuki kuwa mtu mwingine mwenye jina lingine. Ukisikia mtu anaita skizofrenia kuwa na watu wawili kichwani, ujue kaipata kwenye muvi.

Kwa hiyo upo kweli huo ugonjwa?

Upo kwenye vitabu vya tiba, na kuna madaktari wanabishana kuhusu ukubwa wake na jinsi unavyopimwa. Wanaoukubali wengi wanasema chanzo huwa ni maumivu ya utotoni, mtoto anaumizwa mara kwa mara na hana pa kukimbilia basi akili inajitenga na kile kinachotokea. Stori kwamba mtu mzima aliyekuwa sawa anasikia hadithi ya jumba, anavaa bangili za marehemu na mwezi huohuo anageuka marehemu, hiyo ni sinema. Toleo la kwanza kabisa la hii stori, lile la Kimalayalam, lilijitahidi kwenye hili, lilimpa Ganga wa kwao utoto wa kuachwa kwa bibi wakati wazazi wako mbali, na bibi ndo aliyemlisha hadithi za mizimu.

Kuna kitu kingine karibu zaidi na tunachokiona kwa Nagavalli. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika 2022, ina kipengele chake peke yake cha mtu kupandwa, yaani nafsi ya kawaida inaondolewa na mtu anaona ametawaliwa na roho au mungu au marehemu. Na wameweka sharti: isiwe ni sehemu ya ibada au mila inayokubalika kwa jamii yake, na iwe inamletea mateso au inamharibia maisha. Mtu wa Unguja au Mombasa ambaye amewahi kukaa kwenye ngoma ya pepo atalielewa hilo sharti haraka sana, maana kule kiti, yaani yule mwenye pepo, anapandwa, anaongea lugha ya pepo wake, anatoa madai yake, kisha ngoma ikiisha anarudi nyumbani kupika. Hakuna anayemwita mgonjwa.

Mbona akigeuka anaongea Kitelugu? Amekijulia wapi?

Swali zuri na muvi haipotezi muda mwingi kulijibu. Nagavalli alikuwa Mtelugu kwa hiyo Ganga akigeuka anabadilisha lugha katikati ya watu wa Kikannada, na hiyo ndo inayomshtua mume kuliko hata nguvu anazozipata. Kwa mtazamaji wa Karnataka ina ladha ya ziada, Andhra Pradesh ni majirani zao, wanasikia Kitelugu kila siku. Kwa hiyo maelezo rahisi ni kwamba Ganga alikuwa anakisikia na akili ikakihifadhi bila yeye kujua. Ukiangalia kwa sabtaito hili linakupita kabisa maana maandishi hayabadiliki lugha, ndo maana nikakuambia hili la lugha lishike.

Halafu kuna jambo wenyeji wanalijua: Soundarya alizaliwa Karnataka, upande wa Mulbagal wilaya ya Kolar, kwenye mpaka na Andhra, na umaarufu wake mkubwa aliupata kwenye filamu za Kitelugu. Kwa hiyo yule mwanamke anayeruka kutoka lugha moja hadi nyingine kwenye muvi, maisha yake yalikuwa hivyohivyo. 

Ile tiba ya mwisho, ya kumdanganya na sanamu, inafanya kazi kweli?

Hapana. Sinema.

Kwa wasiokumbuka: daktari na Acharya wanaandaa sherehe nzima ya Durgashtami, Nagavalli anaachiwa atoke, analetewa mfalme wake mbele yake, moshi na makelele, na katika sekunde ya mwisho mtu anaondolewa na kuwekwa sanamu, yeye analipiza kisasi kwa sanamu akidhani kamaliza kazi. Nagavalli anaondoka ameridhika, Ganga anaamka mzima.

Kwenye maisha ya kweli hakuna dawa ya kunywa inayoponya huo mgawanyiko, kuna dawa za kupunguza huzuni na wasiwasi vinavyokuja nao, na kazi kubwa ni mazungumzo na mtaalamu, miezi, mara nyingi miaka. Na hakuna daktari mwenye akili timamu atakayempandisha mgonjwa makusudi hadi kileleni mbele ya umati. Ila kama sinema, ile klaimaksi ina akili, inamaliza deni la stori kwa upande wa hadithi na kwa upande wa tiba kwa mpigo mmoja.

Mbona daktari anashirikiana na mganga? Si wangeachana tu?

Ndo siri ya muvi kupendwa na kila mtu. Acharya angeweza kuandikwa kama tapeli, ila yeye ni msomi anayeheshimika ambaye baada ya kuelezwa anakubali kwamba huyu mtu anahitaji daktari, na daktari naye anakubali kwamba bila ibada ya Acharya Nagavalli hatadanganyika. Aliyekuja ukumbini anaamini mizimu anatoka ameridhika, na mwenye kuamini hospitali naye hivyohivyo. Wapo wanaosema huo ni woga wa kibiashara, na sitabishana nao sana. Bengaluru hiyohiyo ina NIMHANS, taasisi ya taifa ya afya ya akili, moja ya sehemu kubwa Asia kwa mambo haya, na hata wagonjwa wa pale wengi wamepitia hekaluni kwanza. Kwa hiyo picha ya daktari na Acharya kwenye meza moja haijatoka hewani.

Si hii ndo ile ya Vidya Balan? Mbona mnaiita ya 2004?

Stori ni moja, matoleo mengi. Iko hivi. Mwaka 1993 dairekta Fazil alitoa Manichitrathazhu kwa Kimalayalam huko Kerala, imeandikwa na Madhu Muttam, daktari akiwa Mohanlal na mgonjwa akiwa Shobana ambaye alipata tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike. Ile ndo mama wa zote. Apthamitra ya Kikannada ikafuata 2004. P. Vasu huyohuyo akaichukua 2005 akaifanya kwa Kitamil, Chandramukhi, na Rajinikanth, ambaye amekulia Bangalore na Kikannada anakijua vizuri, na mgonjwa akawa Jyothika. Halafu 2007 Priyadarshan akafanya ya Kihindi, Bhool Bhulaiyaa, na Akshay Kumar na Vidya Balan, na hii ndo iliyofika kwetu. Priyadarshan alikuwa mmoja wa madairekta waliomsaidia Fazil kushuti ile ya 1993, kwa hiyo hakuwa mgeni.

Angalia lugha ya marehemu inavyobadilika. Kerala alikuwa dansa wa Kitamil, Karnataka akawa Mtelugu, kwa Watamil akabaki Mtelugu, kwa Wahindi akawa Mbengali. Siku zote ni mwanamke wa kutoka kwingine, aliyeletwa. Mzimu wa jirani.

Bhool Bhulaiyaa 2 ya 2022 usiichanganye humu, ile ina mzimu wa kweli kabisa. Waliirudia sura ya stori wakatupa moyo wake.

Ipi bora?

Kama ni filamu nzima, ya Kimalayalam, haina mshindani, ina utulivu na ucheshi wake umetoka kwa watu wenyewe. Kama ni mwanamke mwenyewe, hapo kuna kesi. Shobana ni dansa wa bharatanatyam, dansi ya jadi ya kusini mwa India, aliyebobea na inaonekana mwilini, kila kidole kinasema. Jyothika alienda na macho, anatisha. Vidya alijipaka ule uchovu na kilio. Soundarya kwangu ndo anayekuuma zaidi kwa sababu mchana yuko laini mno, ni mtu ambaye ungependa awe shemeji yako, halafu mume anamkatalia kutoka na ule uso unabadilika taratibu, sauti inashuka, na unaona mtu anaondoka ndani ya mwili wake. Haanzi na kelele. Wengi waliomfuata walianza na kelele.

Soundarya ni nani? Nahisi nimemuona mahali.

Umemuona. Ile Sooryavansham ya Amitabh Bachchan ya 1999, Amitabh baba na Amitabh mtoto, basi mke wa yule mtoto, anayesoma mpaka anakuwa mkubwa wa wilaya, ndo Soundarya. Sauti unayoisikia mle siyo yake, ilitiwa na Rekha. Kwa hiyo Waswahili wengi wamemjua kwa sura tu bila kuwahi kumsikia, na Apthamitra inakupa Soundarya akiwa nyumbani kwao.

Jina lake la kuzaliwa ni Sowmya, ndiyo, kama yule binti anayeshukiwa kwenye muvi. Mwaka 2002 alitoa hela zake kuprodyusi Dweepa ya Girish Kasaravalli, kuhusu familia inayobaki kisiwani wakati maji ya bwawa yanapanda, na akacheza mwenyewe, na ikachukua tuzo ya taifa ya filamu bora. Wanaomjua kwa nyimbo tu waitafute hiyo.

Tarehe 17 Aprili 2004 ndege ndogo aliyopanda ilianguka muda mfupi baada ya kuruka Bangalore, alikuwa anaenda Karimnagar kwenye kampeni za uchaguzi. Alikufa yeye na kaka yake Amarnath na wengine wawili waliokuwemo. Apthamitra ilitoka miezi minne baadaye. Tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike wa Kikannada alipewa akiwa ameshafariki.

Ni kweli muvi ina laana ya Nagavalli?

Hili linazunguka sana hasa kwenye klipu fupifupi zenye muziki wa kutisha. Hoja yao: Soundarya alikufa kabla ya Apthamitra kutoka, halafu Vishnuvardhan akafa tarehe 30 Desemba 2009 kabla ya sehemu ya pili kutoka Februari 2010. Kwa hiyo Nagavalli anaua.

Ndege ilianguka. Moyo wa mtu wa miaka 59 ulisimama. Shobana yupo, Jyothika yupo, Vidya yupo, na wote walimcheza mwanamke huyohuyo, laana gani inayochagua kiwanda? Kinachonikera ni kwamba muvi nzima inafanya kazi ya kukuonyesha jinsi watu wanavyotafuta mzimu pale panapohitaji maelezo ya kawaida, halafu watu wanatoka ukumbini wanaenda kutafuta mzimu.

Sehemu ya pili ipo? Inafaa?

Ipo, Aaptharakshaka, dairekta ni P. Vasu tena, Vishnuvardhan tena, na Vimala Raman ndo Nagavalli. Safari hii shida inakuja na picha ya kuchorwa ya Nagavalli inayohama kutoka familia hadi familia. Ni kubwa, ina kelele, ina nyoka wa kompyuta, na mfalme anapewa nafasi zaidi kuliko mgonjwa. Watu wa Karnataka wanaipenda kwa machozi maana ilikuwa kumuaga mtu wao, Vishnuvardhan alikuwa mtoto wa Mysore na alianza ustaa tangu 1972. Kama unatafuta kisa cha mwanamke mwenye msukosuko wa akili, hapa utakipata kwa mbali.

Kitu gani hukipendi kwenye Apthamitra?

Vichekesho vya nusu ya kwanza, vinavuta mno, na utani mwingine ni wa kumcheka mtu mnene au mwoga, umechacha. Fujo za ngumi zimewekwa kwa sababu steringi lazima apige mtu. Na daktari anajua kila kitu, hakosei hata mara moja, daktari wa namna hiyo hayupo. Nyimbo zenyewe sizigusi, ule wa usiku wa Kitelugu peke yake unabeba muvi, mpaka wakauhamishia kwenye Chandramukhi.

Kuna muvi nyingine ya Kikannada kuhusu mwanamke mwenye shida ya akili lakini bila mizimu?

Sharapanjara, 1971. Kama ungeniambia nichague moja tu kati ya hizo mbili, ningekupa hii ingawa haikutishi hata kidogo usiku.

Dairekta ni Puttanna Kanagal, ambaye Karnataka wanamtaja kama dairekta wa wanawake, na Kaveri anachezwa na Kalpana. Imetoka kwenye riwaya ya Triveni, mwandishi wa Mysore aliyesomea saikolojia chuoni na akawa anaandika riwaya za wanawake wa tabaka la kati na akili zao, kwa Kikannada, miaka ya hamsini na sitini wakati hayo mambo yalikuwa hayasemwi mezani. Triveni mwenyewe alifariki 1963 akiwa kijana bado, siku chache baada ya kujifungua.

Kaveri ana mume, ana mtoto, anapendwa. Anapokuja uzazi mwingine akili inayumba, anapelekwa hospitali, anatibiwa, anapona. Muvi nyingine ingeishia hapo kwa wimbo. Hii ndo kwanza inaanza. Anarudi nyumbani na hakuna anayemwamini tena, wanamwangalia kwa pembeni, marafiki zake wanapotea, akicheka amecheka sana, akinyamaza ameanza tena. Mume ana mwanamke mwingine. Na Kaveri ambaye daktari alimpa ruhusa anavunjwa upya, polepole, na watu wazima wenye akili zao.

Ugonjwa wake upo na unajulikana, akili kuchafuka vibaya baada ya kujifungua, unawapata kama mama mmoja au wawili katika kila uzazi 1,000, unaanza mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na ni dharura ya kumkimbiza hospitali siku hiyohiyo, akitibiwa wengi wanapona vizuri. Bongo na Kenya huyu mama anaambiwa karogwa, au mtoto kaja na majini, mpaka hali inakuwa mbaya ndo anafikishwa Mirembe au Mathari.

Ziangalie zote mbili kwa wiki moja. Ganga anapona usiku mmoja kwa sababu kila mtu ndani ya jumba alikubali kucheza sehemu yake kwenye igizo. Kaveri alikuwa ameshapona, ni nyumba ndo iliyogoma.

Naweza kuangalia na watoto?

Apthamitra wa miaka kumi na kuendelea sawa, hakuna uchi wala damu nyingi, kuna usiku mmoja wawili watakuja kulala chumbani kwako. Sharapanjara waache, watachoka.

Naitafutaje?

Jina linaandikwa kwa njia mbalimbali, Apthamitra, Aptamitra, Aptha Mitra, jaribu zote. Hakikisha imeandikwa Kannada maana ukibonyeza haraka utaletewa Chandramukhi iliyotiwa sauti ya Kihindi na utashangaa Rajinikanth katokea wapi. Usitafute kwa jina la wimbo kabla hujaiona, klipu ya kwanza itakayokuja ni Soundarya ana nywele wazi anacheza gizani, na hapo muvi umeshaimaliza.